Siku Mbili Katwe: Mabomba Mawili ya Moshi kwa Gari Moja

Nyumbani kwetu Mbale, kitu chochote cha chuma kinapomshinda fundi wa karibu, wazee husema, "Hicho sasa ni cha Katwe." Nililisikia jina hilo tangu utotoni, kabla sijajua kwamba ni mtaa mmoja tu wa Kampala, tena mtaa ambao mtu mwenye miguu mizima huukata upande hadi upande bila kutoka jasho. Zaidi ya hayo nilikuwa nikiuchanganya na Katwe nyingine, ile ya wilaya ya Kasese yenye ziwa la chumvi. Nikiwa katika chuo cha ualimu niliwahi kusahihishwa mbele ya darasa zima kwa kuandika kwamba watu wa Katwe huchota chumvi asubuhi na kufua chuma jioni. Tangu siku hiyo nilikuwa na deni la kwenda kujionea kwa macho yangu.

Deni hilo nimelilipa mwaka huu, na sababu ilikuwa gari la mdogo wangu. Yeye ni mnunuzi wa kahawa, na gari lake ni Subaru Legacy ya aina ile ndefu yenye mlango mpana wa nyuma. Alikuwa ameshikwa na hamu ambayo vijana wengi wenye magari ya namna hiyo wanayo, yaani kuona mabomba mawili ya moshi yakichungulia chini ya bampa, moja kushoto na jingine kulia, na kusikia ngurumo. Vifaa vipya vya kutoka ng'ambo vilikuwa na bei ya kumfilisi. Hivyo akaamua kwenda kutengenezewa Katwe, na akaniomba nimsindikize kwa kuwa mimi ni mkubwa wake na, kama alivyosema mwenyewe, "mwalimu huwa hapunjwi katika hesabu". Siku hizi sifundishi. Niko katika ofisi ya serikali ya wilaya. Lakini jina la mwalimu halimtoki mtu upesi.

Tuliondoka alfajiri kwa njia ya Tirinyi, tukipita mabonde ya Mto Mpologoma ambako mpunga umejaa pande zote mbili za barabara. Nyuma ya gari kulikuwa na mikungu ya matoke ya kumpelekea shangazi yetu anayekaa Nsambya. Mikungu ilikuwa mirefu kupita nafasi, basi mlango wa nyuma haukufungika. Tukaufunga kwa kamba, ukabaki wazi kiasi cha shubiri mbili. Katika kiti cha nyuma alikaa binti wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 6. Mtoto huyu alikuwa na sifa katika ukoo kwamba hawezi safari. Kila akipanda gari la baba yake husinzia kabla ya nusu saa, kisha hulalamika kichwa, kisha hutapika. Mama yake alikwisha mpa tangawizi, ndimu na maganda ya machungwa ya kunusa. Tulivuka Nile kwa daraja jipya la Jinja, lile lililofunguliwa mwaka 2018, na mimi nilimwamsha alione. Akafumbua macho, asiseme neno, akafumba tena. Katika msitu wa Mabira tukasimama atapike. Wauzaji wa ndizi na kuku wa kuchoma walitukimbilia na vijiti vyao mikononi. Walipomwona mtoto alivyolegea wakarudi nyuma wenyewe.

Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu tulifika Katwe tukidhani tumefuata urembo wa gari.

Mtu atokaye katikati ya Kampala huifikia Katwe akiupita mnara wa saa, kwenye barabara iendayo Entebbe. Upande mmoja kuna kilima cha Mengo, lilipo kasri la Kabaka. Upande wa pili kuna Nsambya. Enzi ya ukoloni mtaa huu ulikuwa nje ya mpaka wa mji wa Wazungu na Wahindi, chini ya utawala wa Buganda, na kwa hiyo Mwafrika aliyetaka kufungua karakana yake mwenyewe alipata mahali pa kuegemea. Ulimwengu wa nje uliusikia zaidi mwaka 2016 kwa ile filamu ya msichana wa Katwe aliyekuwa bingwa wa sataranji. Lakini Katwe niliyoiona haikuwa ya sataranji. Ilikuwa ya makelele. Nyundo hulia juu ya fuawe, mashine za kukatia chuma hupiga mayowe, cheche hurukia njiani kama mtu hana macho, na mpita njia hujikuta akiruka geti lililolazwa chini ili lipakwe rangi. Nje ya kila kibanda bidhaa zimepangwa: sigiri, toroli, mashine za kusaga mahindi, za kufyatulia matofali, za kukaangia bisi, masufuria makubwa ya shule. Hakuna kipande cha chuma kinachotupwa. Pipa la mafuta huwa karai, na spring'i ya lori huwa panga. Mvua inaponyesha, maji hutuama kwa sababu mtaa uko bondeni karibu na mfereji wa Nakivubo, na mafundi hupandisha mitambo yao juu ya matofali wakaendelea na kazi.

Kijana wa kwanza tuliyemkuta alilitazama gari kwa dakika tatu tu. Alikuwa mchangamfu na mwenye maneno matamu. Akasema kazi ni ya siku moja, na kwamba hatutatoa hata shilingi. Mdogo wangu akashangaa. Kijana akaingia chini ya gari, akagonga kwa kidole kitu mfano wa chupa nene ya chuma kilichounganishwa kwenye bomba karibu na injini. "Hili sega nitalikata," akasema, "nitachomelea bomba tupu mahali pake. Nitawapa 400,000. Kazi yenu ni 380,000. Mtarudi nyumbani na chenji ya soda."

Ndugu msomaji, nakiri kwamba nilivutwa. Nilikuwa na karo ya watoto wawili mbele yangu, na mdogo wangu alikuwa ameniomba nimkopeshe nusu ya gharama. Mtu anapokuambia kwamba kitu usichokijua, kilicho mahali usipopaona, kinaweza kulipa deni lako lote, moyo hautafuti hoja za kukataa. Mdogo wangu akanitazama kwa furaha. "Kaka, hesabu imejifunga yenyewe."

Kilichotuokoa ni kwamba kijana hakuwa na mabomba ya kutosha, akatuomba tungoje. Tukaenda kunywa chai kibanda cha pili. Hapo ndipo tulipokutana na mzee aliyekaribia miaka 70, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, akikunja bomba. Alipotusikia tunasema Kiswahili akafurahi, akatusimulia kwamba ujana wake aliumalizia Nairobi, katika gereji za barabara ya Grogan, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 akarudi kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji kweli kweli. Mdogo wangu akamweleza shida yake ya mabomba mawili. Mzee hakutazama bampa. Alimtazama mtoto aliyelala juu ya paja langu saa nne ya asubuhi.

"Huyu anaumwa?"

"Hapana, mzee wangu, ni gari tu linamchosha."

"Linamchosha akikaa mbele au nyuma?"

Tukamwambia nyuma. Akauliza kama mwingine yeyote huumwa kichwa. Mdogo wangu akafikiri, akasema kwamba yeye pia huumwa, ila siku za mvua tu, anapofunga vioo. Mzee akaiweka nyundo chini.

Aliagiza gari lipandishwe juu ya mihimili miwili ya chuma, injini iwashwe, kisha akachukua gunia bichi na kuliziba bomba la nyuma kwa muda mfupi. Moshi ukizibiwa mlango wake wa halali hutafuta mlango mwingine. Mara tukasikia mlio kama wa nyoka chini ya sakafu, na mwingine hafifu zaidi nyuma. Akatuita tulale chini tutazame. Mahali ambapo bomba la upande wa kushoto wa injini hukutana na la kulia palikuwa na ufa, na pembeni mwake chuma kilikuwa kimepakwa masizi meusi kama chungu. Sailensa ya nyuma nayo ilikuwa imeliwa na kutu upande wa juu, usioonekana na mtu aliyesimama. Juu ya ufa ule wa kwanza, mpira unaoziba tundu la mkono wa gia ulikuwa umechanika.

Mzee hakutuhubiria. Alieleza kwa maneno machache, nami nayaongezea kidogo kwa yale niliyopata kufundisha darasani. Petroli isipoungua ikakamilika hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Harufu tunayoisikia katika moshi ni ya vitu vingine. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyokwisha kushikwa haiwezi tena kubeba oksijeni. Dalili zake ni usingizi, kichwa na kichefuchefu, yaani zile zile ambazo sisi tuliziita udhaifu wa safari. Ikizidi, mtu halali tena usingizi wa kuamka. Mlango wa nyuma tuliouacha wazi kwa ajili ya matoke ulizidisha hatari. Gari linapokwenda mbio huacha nyuma yake nafasi ya hewa pungufu inayouvuta moshi, na mlango ukiwa wazi moshi huo huvutwa hadi ndani, pale pale palipokuwa na kiti cha mtoto.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na sikuwa na jambo la kumwambia kwa sababu kamba ya mlango niliifunga mimi.

Kuhusu sega, mzee aliligonga kwa ngumi akasikiliza kama lina mchakacho ndani. Halikuwa nao. Akasema bado zima. Ndani ya chupa ile kuna kauri yenye matundu membamba kwa maelfu, ndiyo sababu mafundi huliita sega, na kuta za matundu hayo zimepakwa madini adimu ya platini, paladi na rodi. Moshi wenye joto upitapo humo, kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa ya kawaida, na mabaki ya petroli huunguzwa. Petroli yenye risasi ingeliua sega hilo, lakini nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya namna hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kwa ajili ya madini yale wako watu wanaozunguka mitaani wakinunua masega. Shilingi 400,000 za kijana hazikuwa sadaka. "Ukiliuza," mzee akasema, "gari litatembea. Hata litanguruma vizuri. Ila kila atakayesimama nyuma yako atavuta sumu ambayo Mjapani alikwisha kuilipia isitoke."

Mdogo wangu alikuwa na jibu. Alisema yeye hakatai kuziba nyufa, lakini fedha ni zile zile; akibakiza sega hapati mabomba mawili, na mabomba mawili ndiyo yaliyomtoa Mbale. Tulizozana pale kwenye kibanda, kwa kilugha chetu ili mzee asielewe, ingawa nadhani alielewa. Mwishowe nikamwambia kwamba nusu ya fedha ni yangu, na nusu hiyo haitanunua ngurumo kabla haijanunua kichwa cha mtoto. Yalikuwa maneno makali kuliko nilivyokusudia. Alinyamaza kwa muda wa kunywa kikombe kizima, kisha akamuuliza mzee kama kuna njia ya kuyapata yote mawili.

Njia ilikuwapo, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila mwenye hamu ya mabomba mawili anafaa alijue kabla ya kufungua mkoba.

Mabomba mawili yalianza kwa haki kwenye injini kubwa za silinda 8 zilizopangwa safu mbili, kama zile za Land Rover za zamani, kila safu ikiwa na bomba lake. Subaru nayo ina safu mbili, silinda mbili kila upande, na mtu anaweza kudhani inastahili vivyo hivyo. Mzee alichukua debe akalipiga kutuonyesha. Silinda hulipuka kwa mpango wa 1, 3, 2, 4. Ya 1 na ya 3 ziko upande mmoja. Ya 2 na ya 4 upande wa pili. Kwa hiyo bomba la upande mmoja hupata pumzi mbili mfululizo, kisha kimya, kisha mbili tena: ta-ta, kimya, ta-ta, kimya. Zikiunganishwa chini ya injini, pumzi hufuatana kwa vipindi sawa na moja huivuta nyingine. Kuzitenganisha kuanzia mwanzo hadi mwisho kungekuwa kuiharibu kazi ya waliounda gari. Basi shauri lake lilikuwa kuacha bomba moja hadi karibu na mhimili wa magurudumu ya nyuma, pamoja na sega lake, kisha kuligawa kama panda la manati, kila tawi na sailensa yake ndogo.

Likabaki suala la unene. Mdogo wangu alitaka mabomba ya inchi 2 na nusu, kwa kuwa aliyaona kwenye gari la rafiki yake. Bomba la zamani lilikuwa la inchi 2. Hapo ualimu wangu ukapata kazi. Nilichora miraba juu ya karatasi ya saruji, kwa sababu upana wa njia ya moshi hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Mbili mara mbili ni 4. Mbili na nusu mara mbili na nusu ni 6.25, na mabomba mawili hufanya 12.5, yaani njia pana zaidi ya mara tatu kuliko ile injini iliyoizoea. Moshi ukiingia katika uwanja mkubwa namna hiyo hupoteza mwendo na kupoa, na gari huwa zito linapoondoka na linapopanda mlima. Bomba la inchi 1 na nusu hutoa 2.25, na mawili hutoa 4.5, ambayo yazidi 4 kidogo tu. Mzee alitazama miraba yangu akacheka. Yeye alikuwa amekwisha kuchukua bomba la inchi 1 na nusu kabla sijamaliza kuchora.

Mchana tulikwenda soko la Kisekka, lililopewa jina la Daktari Samson Kisekka aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1986, tukatafuta sailensa mbili zilizotumika. Katika soko hilo gari zima limelala vipande vipande kwenye rafu. Tangu mwaka 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15, ila yaliyokwisha kuingia yanazeeka hapa hapa mikononi mwetu, na vipuri vyake hubadilishana miili. Mzee alitufundisha kuchagua: itikise, ikichakacha iache, igonge, ikilia kama ngoma mbovu kutu imekwisha kula ndani, ibonyeze kwa kidole gumba penye mshono. Tuliacha saba tukachukua mbili, kila moja kwa 60,000.

Kazi ya kukunja bomba ilianza jioni, na kama kuna jambo moja ningependa msomaji alione kwa macho, ni hilo. Mtoto wa kazi alileta kwanza bomba linalong'aa, lile la maji. Mzee alilikataa kwa ukali. Bomba la maji limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa ya kutetemeka usiku. Likaletwa bomba jeusi la kawaida, lile la kutengenezea madawati. Mchanga ulikaangwa juu ya bati hadi ukauke kabisa, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani ya chuma chenye moto hugeuka mvuke na kufyatua kizibo kama risasi. Ukamiminwa ndani ya bomba huku likigongwa kwa ubao ili ushikamane, na ncha zote mbili zikazibwa kwa magogo ya mti. Mchanga huo ndio unaozuia bomba lisibonyee penye kona, maana bomba lililobonyea ni koo lililokabwa. Likaingizwa katika makaa, feni ikavuma, chuma kikawa chekundu kama pilipili iliyoiva. Wanaume wawili walilikunja polepole kuzunguka gurudumu la chuma, na mtoto wa kazi akimwagia maji sehemu ambazo hazikutakiwa kupinda. Hakuna kipimo kilichotumika ila waya mnene uliokwisha kukunjwa chini ya gari na kuletwa kama kielelezo. Kona nne, na hakuna hata moja iliyobonyea.

Tulilala Nsambya kwa shangazi, ambaye aliyapokea matoke na kutulaumu kwa kuchelewa.

Siku ya pili ilikuwa ya kuchomelea. Kabla ya yote mzee aliondoa waya wa betri, kwa kuwa umeme wa kuchomelea ukipita njia mbaya huua kompyuta ya gari. Mabomba yalishikizwa kwa nukta ndogo ndogo yakiwa mahali pake, gunia bichi likiwa limefunika upande wa tangi la petroli, kisha yakateremshwa yote chini yachomelewe kwa utulivu mbali na gari. Ufa wa mbele ulisuguliwa hadi chuma kikawa cheupe ndipo ukazibwa. Mzee alieleza kwamba ufa huo, kwa kuwa ulikuwa mbele ya sensa ya oksijeni, ulikuwa ukivuta hewa ya nje na kuidanganya kompyuta kwamba petroli haitoshi. Nayo ikawa ikiongeza petroli. Mdogo wangu akakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akimtuhumu kijana anayemwoshea gari kuwa anamfyonzea mafuta. Hakusema zaidi, wala mimi sikumuuliza kijana huyo yuko wapi sasa.

Mabomba yalining'inizwa kwa vipande vya tairi kuukuu, yakiachwa nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye sakafu na mbali na mabomba ya breki. Midomo ilipitishwa nje ya bampa kabisa, isiishie chini ya gari. Katika sehemu ya chini ya kila sailensa alitoboa tundu dogo la kuingia msumari mwembamba. Nikauliza kwa nini atoboe kitu kipya. Akasema lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Bomba moja lenye moto huutoa mvuke wote, lakini mabomba mawili hugawana joto, hupoa, na maji hubaki ndani yakila chuma. Mwenye mabomba mawili na safari fupi fupi za sokoni hujinunulia kutu mara mbili. Hili nalo hakuna aliyelitaja kwenye gari la rafiki.

Injini ikawashwa. Mzee alipaka povu la sabuni kwenye viungo vilivyokuwa bado baridi, akaziba midomo yote miwili kwa magunia, akatafuta mapovu. Kiungo kimoja kilipumua. Kikarudiwa. Mpira wa gia ulibadilishwa kwa kipande cha tairi la ndani kilichokatwa kwa mkasi.

Hesabu ilikuwa hivi: sailensa mbili 120,000, bomba 70,000, gasketi, bolti na springi 40,000, vining'inizo 10,000, na ufundi wa siku mbili 140,000. Jumla 380,000, sawasawa na ile ya kijana wa kwanza, ila hii ilitoka mifukoni mwetu. Tulipokuwa tukiondoka tulimpita kijana yule akiwa chini ya gari jingine. Akatupungia mkono bila kinyongo.

Sauti, msomaji, si ngurumo. Ni mvumo mnene kidogo, kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza. Nguvu haikuongezeka kiasi cha kuhisiwa na mguu, isipokuwa ile iliyorudi baada ya ufa kuzibwa. Kwa macho yangu gari limependeza, na kama mtu ana fedha za pambo na amekwisha kutimiza ya lazima, sioni kosa. Bali asije akadhani amenunua mbio.

Tulirudi siku hiyo hiyo, mlango wa nyuma umefungwa kwa kitasa chake. Mukono tulipita, Mabira tukafika. Nilikuwa nimeandaa mfuko wa nailoni juu ya goti kwa mazoea. Mtoto alikuwa amesimama kati ya viti viwili, akihesabu malori ya miwa. Alikuwa amefika 23 na kukosea mara moja tu. Wauzaji walipotukimbilia alinyosha kidole akataka ndizi ya kuchoma, akala mbili, kisha akauliza lile daraja refu liko wapi, kwa kuwa alisikia watu wakilitaja wala hajapata kuliona.

Mdogo wangu bado analalamika kwamba sauti ni ndogo. Kila Jumamosi huinama nyuma ya gari na msumari mwembamba mkononi, akizibua yale matundu mawili. La kushoto hutoa maji mengi kuliko la kulia, na mpaka leo hatujajua sababu.